Neno Zima

Mtu atakaye kulitafuta neno katika maandishi hana budi kwanza ajue neno ni nini. Swali hili nimewauliza wanafunzi wangu kwa miaka mingi, nikidhani jawabu ninalo. Nilipokuwa likizoni Babati, mashine ilinifunulia kwamba nilikuwa nikifundisha jambo nisilolijua sawasawa.

Kabla ya kuondoka chuoni nililiwekea sanduku langu la baruapepe kanuni moja. Barua nyingi za ada zilikuwa zikinijia mimi kwa makosa. Basi niliiamuru programu kwamba kila barua yenye herufi a, d, a zilizofuatana itiwe katika jalada la ada, na mwandishi wake ajibiwe papo hapo, bila ya mkono wangu, kuwa mambo ya ada yapelekwe kwa mhasibu. Kazi ilikuwa ya dakika chache, nami niliiona kuwa ni busara.

Siku ya tano, nikiwa nimeketi kando ya Ziwa Babati, nililifungua jalada lile. Humo niliikuta barua ya mwanafunzi wa mwaka wa pili: “Shikamoo Mwalimu. Nimefiwa na mama. Naomba msaada wako, nifanye mtihani baada ya mazishi.” Hapana habari ya ada katika barua hiyo. Lakini ada imo ndani ya msaada, na imo ndani ya baada. Mtoto wa watu alinililia, nami nikamwelekeza kwa mhasibu. Nilipompigia simu hakunilaumu. Alisema tu, “Nilidhani Mwalimu ameisoma.” Kauli hiyo ingali ikinichoma.

Nilitafuta dawa, nikaambiwa niiamuru mashine itafute neno zima. Elimu ya jambo hili si changa. Stephen Kleene, mwanahisabati wa Marekani, alieleza misingi ya ruwaza za namna hii katika makala iliyochapishwa mwaka 1956. Na mwaka 1968 Ken Thompson alionyesha njia ya kuzitumia kutafutia maandishi kwa kompyuta. Programu nyingi hulijua neno zima kwa mipaka yake: mahali ambapo herufi au tarakimu hukutana na kitu kingine, kama nafasi, nukta au mkato. Kwa kanuni hiyo ada ilitengwa na shahada, mada, adabu na msaada. Nilifurahi.

Furaha haikudumu. Nilijaribu kutafuta barua za waliokwisha kulipa, nikaandika lipa, neno zima. Sikupata hata moja, kwa kuwa hapana aandikaye lipa peke yake. Watu huandika nimelipa, nitalipa, tulipolipa. Nikaiondoa mipaka. Sasa walikuja wote: aliyesema nimelipa na aliyesema sijalipa, mdai na mdaiwa katika jalada moja. Pamoja nao alikuja aliyesema alipata homa, maana katika alipata mna lipa, ingawa hapana malipo. Hata mipaka yenyewe hudanganya. Ritifaa kwa mashine si herufi, basi ng’oa hukatwa vipande viwili. Na mkulima akiandika “ng’oa magugu,” mashine itafutayo oa itadhani pana harusi.

Nikasema nitatafuta mizizi. Nililianza neno lililoniumiza, nimefiwa. Mzizi wake ni f, herufi moja tu! Nani ataitafuta f katika barua zote za dunia? Msiba mzito kuliko yote umejificha katika herufi moja, nayo haina maana mpaka viambishi viizunguke.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba neno zima la mashine ni nafasi nyeupe tu baina ya herufi, na nafasi hiyo ni mapatano ya waandishi. Kizulu huviunganisha viambishi na kitenzi. Kisotho cha Kaskazini huvitenga vingi, ingawa lugha hizo ni za ukoo mmoja. Wataalamu wamekwisha kuliona tatizo hili. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha mwaka 1992 njia ya kuifundisha kompyuta kukichambua kitenzi cha Kiswahili kiambishi kwa kiambishi. Walakini sanduku la barua la kawaida halina elimu hiyo.

Mjini Babati hukutana Wairaqw, Wagorowa, Wadatoga na Warangi, watu wa lugha za koo tatu zisizofanana. Sokoni kila mmoja hukisema Kiswahili kwa ulimi wa kwao. Huyu huacha kiambishi, yule hubadili sauti. Hata hivyo muuza maharage hamwambii mnunuzi kuwa neno lake si zima. Humtazama uso, hupima haja yake, akatengeneza kilichopungua. Akili hiyo ndiyo niliyoikosa nilipoiachia kanuni yangu kazi ya kusikiliza.

Sikuitupa mashine, barua ni nyingi na macho yangu ni mawili. Nimeiacha ipange barua zangu kwa maneno mazima, maana kosa la kupanga hurekebishwa kwa kufungua jalada. Kujibu nimeinyang’anya. Kila jioni huyafungua majalada yote, hata lile la ada, nikaisoma kila barua mpaka jina la mwandishi wake.