Mizunguko 40

Kaka yangu huniita Daktari, ingawa sijamaliza hata shahada ya uzamili. Mwaka jana, tukiwa kwenye matatu, aliniuliza kwa sauti ya chini kama huo utafiti wangu wa mbegu utaweza kumwambia shida yake iko wapi. Hospitalini walikuwa wamepima kipande kidogo cha korodani yake: seli zinaanza safari ya kuwa mbegu, kisha zinakwama katikati. Basi. Kwa nini? Hakuna aliyemwambia. Mama, huko Webuye, bado anamlaumu wifi, na kaka hajapata mdomo wa kumrekebisha.

"Ngoja tu, bro," nikamwambia. Hapo ndipo nilikosea.

Maabarani nilikuwa nalea seli zinazoitwa GC-2. Zilitengenezwa miaka ya 1990 kutoka kwa korodani za panya, zikapachikwa jeni ya virusi vya SV40 ili zigawanyike bila kuchoka. Mwanzoni ilidaiwa zinaweza kupita meyosisi, ile hatua ngumu ya kupunguza kromosomu nusu, zikiwa ndani ya chupa. Wengine walipochunguza baadaye, hawakuona hivyo. Nilikuwa nimeyasoma hayo, nikayaweka kando. Seli zilikuwa tayari kwenye friza yetu, na si watu wengi bado wanazitumia?

Nilizibadilishia chakula, yale maji ya rangi ya waridi yenye sukari na seramu ya ndama, nikazirudisha kwa inkubeta, nyuzi 37. Manze, zilinawiri! Nikawa najivunia kama mama wa mtoto mnene.

Kisha nikapima. Kila seli ya panya ina jeni karibu zile zile; kinachotofautisha ya ini na ya korodani ni jeni zipi zimewashwa. Jeni iliyowashwa hutoa nakala za RNA. Ukizigeuza kuwa DNA, kuna mashine ya kuzizidisha, na zikiwa nyingi, mstari kwenye skrini hupanda mapema. Nilitafuta Ddx4, jeni ya seli za ukoo wa mbegu, na Sycp3, inayosaidia kromosomu kujipanga wakati wa meyosisi. Kwa korodani halisi ya panya, mistari ilipanda mbio. Kwa seli zangu, mzunguko wa 30, 35, 40: imelala tu. Actb, ambayo huwaka karibu kwenye kila seli, ilipanda vizuri, kwa hivyo singeweza kusingizia mkono wangu.

Nikarudia mara tatu. Ndani ya korodani, seli hizi hukua zikiwa zimekumbatiwa na seli za Sertoli zinazozilisha, kwenye joto la chini kidogo kuliko la mwili. Mimi nilizipa plastiki.

Msimamizi wangu akasema niandike, hayo pia ni matokeo. Sawa. Lakini si tasnifu iliyoninyima usingizi.

Jumapili nikaenda kwa kaka, Donholm. Wifi alikuwa jikoni akipika chapo. Nikamwambia kaka kwamba seli zangu haziwezi kumjibu, na kwamba nilijua zina maswali hata kabla sijamwahidi.

Akanyamaza. Kisha: "Kwa hivyo hata zako zimekwama?"

"Zangu hata hazikuanza."

Akacheka, akacheka sana, mpaka wifi akachungulia kuuliza kuna nini. Kaka alimtazama kwa muda, akachukua simu, akatafuta namba ya Mama.