Samaki wa Nchi Tatu: Barua kutoka Mwanza

Mwalimu wangu,

Uliniagiza nikifika Mwanza nisikuchoshe na habari za jiwe la Bismarck, kwani umeliona kwenye kalenda tangu ujana wako. Basi leo ni habari za samaki, na zaidi habari za watu wanaowahesabu. Mambo ambayo pale Unguja tulisikia nusu, huku nimesikia nusu ya pili.

Unalikumbuka jengo la Mizingani, la Taasisi ya Sayansi za Bahari. Ulikuwa ukitwambia kwamba kabla Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakijaianzisha taasisi hiyo mwaka 1978, hapo palikuwa na shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini la Afrika Mashariki nzima. Sisi tulidhani ni la peke yake. Kumbe lilikuwa na ndugu tele huku bara, na kila mmoja kapewa kazi yake. Virusi vilitafitiwa Entebbe, malale Tororo, malaria Amani kule milimani Tanga, kilimo na misitu Muguga, viuatilifu Arusha, ukoma Alupe karibu na Busia. Samaki wa maji baridi walikuwa na makao yao Jinja tangu 1947, mto Naili unapotoka Ziwa Victoria. Na hapa Mwanza ilikuwapo taasisi ya utafiti wa tiba, iliyoanza 1949 kwa kushughulikia matende na mabusha. Siku hizi ni kituo cha taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, kipo Isamilo, na daladala zinapita karibu bila abiria kujua kwamba palikuwa mali ya nchi tatu, Kenya, Uganda na yetu.

Hakuna nchi iliyokuwa na kila kitu, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya mpango wenyewe. Homa ya kukunja viungo ilipozuka uwanda wa Makonde mwaka 1952, hapakuwa na maabara ya virusi Newala wala Dar es Salaam. Damu ya wagonjwa ilisafirishwa hadi Entebbe, na huko ndiko virusi vya chikungunya vilikotambuliwa. Mgonjwa wa kusini kabisa mwa Tanganyika, darubini ya Uganda.

Sasa njoo kwenye ziwa. Lina kilomita za mraba kama 68,800, nusu hivi ni yetu, Uganda wana kiasi cha asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Mtu wa kwanza kulipima kwa ajili ya uvuvi alikuwa Mwingereza, Michael Graham, mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ya 1929 ilisema mambo mawili ambayo mpaka leo watu wanayazungumza: nyavu za samaki aitwaye ngege zisiwe na tundu dogo kuliko inchi 5, na ziwa zima liwe chini ya mamlaka moja. La inchi 5 lilikubaliwa, lakini miaka ya 1950 Uganda na Tanganyika waliifuta sheria hiyo, na Kenya nao wakafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ngege wakaisha. Hilo la mamlaka moja ndilo hasa lililonileta kukuandikia.

Pale Jinja walikuwapo wataalamu waliokuwa na macho. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 kupinga mpango wa kuleta sangara ziwani. Alisema samaki mla samaki wa ukubwa ule hafai kuingizwa mahali ambapo hajawahi kuwapo. Ila sangara alikwisha kutiwa ziwani upande wa Uganda tangu 1954, kimyakimya, na miaka michache baada ya Fryer kuandika wakaongezwa wengine hadharani. Watafiti walikuwa na kalamu, idara za uvuvi zilikuwa na ndoo. Nimeona watu wakiwalaumu wanasayansi wa wakati ule kwa jumla, na naona si haki. Chombo cha utafiti cha pamoja kilikuwapo na kilisema. Kisichokuwapo ni mtu wa kulazimika kusikiliza.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Meli, reli na ndege ziligawanywa kwa ugomvi unaoujua. Utafiti haukugawanyika vizuri hata kidogo, kwa sababu jengo haliburutwi. Jinja ilibaki na maabara, maktaba na boti ya Ibis, ile iliyolizunguka ziwa zima mwaka 1969 hadi 1971 ikiburuta wavu wa chini. Ibis ndiyo iliyoonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ni furu, vile visamaki vidogo vya kila rangi. Kenya wakaunda taasisi yao mwaka 1979, na sisi tukaunda taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, mwaka 1980, yenye kituo hapa Nyegezi. Kila mmoja akaanza na daftari jipya.

Na angalia wakati wenyewe, Mwalimu. Sangara alilipuka upande wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, akafika ghuba ya Mwanza katikati ya muongo huo. Mabadiliko makubwa kuliko yote ziwa liliyowahi kuyapata katika kumbukumbu ya watu yalipita nchi baada ya nchi, mfululizo, na katika miaka hiyohiyo hapakuwa na boti hata moja yenye ruhusa ya kuyafuata kutoka pwani hadi pwani.

Tulichonacho kutoka upande huu tumekipata kwa bahati. Katikati ya miaka ya 1970 kilijengwa hapa kiwanda cha kusaga furu kuwa unga wa mifugo, na Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden wakaja kuangalia kama furu watastahimili. Wakaweka mstari mmoja kukata ghuba, kutoka Butimba hadi ng'ambo, wakawa wanavua pale pale mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo sangara alipoingia, waliona nyavu zao zikibadilika. Mwanzoni ni furu watupu. Kufikia 1986 sangara ndiye aliyetawala. Inakadiriwa aina 200 hivi za furu zilipotea katika ziwa zima, nyingi kabla ya kupewa jina la kisayansi. Furu waliohifadhiwa kwenye chupa wako Leiden hadi leo, na wengine wa zamani wako London. Kijana wa Nyegezi anayetaka kumtazama samaki aliyevuliwa Butimba kabla hajazaliwa ataomba viza. Sina ubaya na Waholanzi, kazi waliifanya na waliifanya vizuri, lakini kila nikilifikiria jambo hili nakosa raha.

Tarehe 30 Juni 1994 nchi tatu zilitia saini Kisumu mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, makao yake Jinja. Jumuiya yenyewe ilikuwa bado haijafufuka. Mkataba wake ulikuja Novemba 1999. Samaki waliwatangulia marais kwa miaka mitano.

Kilichofuata ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote. Kuanzia Agosti 1999 hadi Agosti 2001, boti iitwayo Victoria Explorer ililipima ziwa zima kwa mwangwi, kila Februari na kila Agosti. Boti inakwenda kwa mistari iliyopangwa, chini yake kifaa kinapiga mlio ambao sikio halisikii, mlio unagonga samaki na kurudi. Nimeonyeshwa picha za namna hiyo kwenye kompyuta. Dagaa wanaonekana kama wingu zito lenye kingo za kuchanika. Sangara mkubwa ni alama moja iliyopinda, peke yake, kama kipande cha ukucha. Uduvi na furu ni ukungu ambao si rahisi kuutenganisha, ndiyo maana lazima wavu nao uteremshwe kuthibitisha. Na miezi ile haikuchaguliwa ovyo. Februari maji ya ziwa yamejipanga kwa matabaka, chini hamna hewa ya kutosha, na samaki wamesukumwa juu. Kufikia Agosti upepo wa kusini umekwisha kuyakoroga na samaki wametawanyika. Ukipima mwezi mmoja tu utaambiwa uongo na ziwa lenyewe. Jumla waliyoipata kwa wastani ilizidi kidogo tani milioni 2 za samaki.

Mpaka wa nchi kwenye picha ile hauonekani. Nilimuuliza kijana aliyekuwa akinionyesha ni wapi tunapoingia Uganda, akakuna kichwa, akaenda kutafuta ramani.

Lakini boti ni mambo ya wakubwa. Ukitaka kuona ushirikiano unavyofanya kazi, nenda mwaloni asubuhi mitumbwi inaporudi. Mkusanya takwimu, mwanachama wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo huo, ana ubao wenye rula, mizani ya kuning'iniza na fomu. Sangara analazwa ubavu, mdomo unagusa kizuizi cha ubao, mkia unanyooshwa, anasoma namba. Niliyemtazama alipimwa sentimita 47, na aliyekuwa amemshika akatazama pembeni, kwani asiyefikisha 50 hapaswi kuvuliwa. Dagaa hawapimwi mmoja mmoja, wanapimwa kwa beseni. Kisha mvuvi anaulizwa: nyavu ngapi, tundu gani, ulitoka saa ngapi, karabai au taa za sola? Nyingine anajibu, nyingine anacheka. Maswali haya haya, kwa utaratibu huu huu waliokubaliana, yanaulizwa Kisumu, Kenya, na Masese, Uganda. Tena tangu mwaka 2000 kuna sensa ya uvuvi iliyopangwa kufanyika kila baada ya miaka miwili, nchi zote tatu kwa pamoja, na ndiyo iliyotufundisha kwamba ziwani kuna wavuvi zaidi ya laki mbili. Rula ile ya mbao ni mali ya pamoja kuliko jengo lolote. Jumuiya ikivunjika kesho, sangara wa Ukerewe na sangara wa Homa Bay bado watakuwa wamepimwa kutoka mdomo hadi ncha ya mkia.

Hata kwenye tiba nimeona jambo la aina hiyo. Jaribio la Mwanza, lililochapishwa 1995, lilionyesha kwamba vituo vya afya vikitibu magonjwa ya zinaa vizuri, maambukizi mapya ya VVU yanapungua kwa karibu asilimia 40. Rakai, Uganda, wakagawa dawa kwa watu wote, wagonjwa na wazima, wakachapisha 1999 kwamba hakuna tofauti. Masaka nako hawakuona kupungua. Ng'ambo ya pili ya ziwa, majibu kinyume! Maneno yakawa mengi, hadi watafiti wa pande zote walipoweka takwimu zao juu ya meza moja na kuzichambua pamoja. Ikaonekana kwamba Uganda janga lilikuwa limekomaa na watu wamekwisha kubadili mwenendo, ilhali Mwanza lilikuwa bado changa na magonjwa ya zinaa yanayotibika yalikuwa mengi. Hakuna aliyekuwa amekosea. Sioni namna timu moja peke yake ingeligundua hilo.

Habari za hali ya hewa nazo zimeanza kwenda njia hiyo. Dhoruba zinazoua wavuvi huumuka usiku, ziwa likiwa na joto kuliko nchi kavu, na hazina habari na mipaka. Rada ya mamlaka yetu ya hali ya hewa iko Kiseke hapa Mwanza, na siku hizi nchi jirani zinaligawa ziwa kwa kanda walizokubaliana ili tahadhari zisipingane.

Lisilonipendeza ni hili. Jumuiya mpya imegawana makao makuu kama sinia za pilau arusini, kila mgeni apate lake: uvuvi Jinja, bonde la ziwa Kisumu, sayansi na teknolojia Kigali, utafiti wa afya Bujumbura, na sisi Zanzibar Kiswahili. Vibao vimeenea. Maabara moja ambayo nchi nyingine inaitegemea kweli, kama Newala ilivyoitegemea Entebbe, sijaonyeshwa. Na ile kazi ya mwangwi tangu mwanzo ilibebwa na fedha za Umoja wa Ulaya. Ratiba imekuwa ikifuata mfuko wa mfadhili kuliko Februari na Agosti za ziwa. Viwanda vya minofu hapa vinapeleka sangara hukohuko Ulaya kwa makontena. Hapo Mwaloni Kirumba, magunia ya dagaa yanapakiwa kwenda Kongo, Rwanda na Kenya mchana kutwa, na kila gunia linatozwa ushuru. Nauliza tu: dizeli ya boti moja, mara mbili kwa mwaka, inashindikana vipi?

Wiki ijayo napanda basi la Musoma na Sirari kwenda Kisumu, kisha Jinja. Ile ripoti ya Graham uliyokuwa ukiitamani nitaiulizia kwenye maktaba yao, na wakiniruhusu nitakupigia picha kurasa za nyavu. Dagaa wako nimekwisha nunua, wa kukaangwa, maana wale wa mchangani najua utawarudisha.

Wasalimie nyumbani wote.

Mwanafunzi wako.