Mwenye Deni wa Seattle

Ripoti za mchezo wa Blaseball zina sentensi moja inayorudi mpaka msomaji anaikariri bila kutaka. Mwamuzi mwasi amemteketeza fulani wa timu fulani; nafasi yake imechukuliwa na fulani mwingine. Nusu mstari kwa anayekufa, nusu mstari kwa anayeingia, kisha mpira unaofuata unarushwa. Mwaka huu nimeisoma sentensi hiyo kuliko sentensi nyingine yoyote, na memwari yangu haihusu michezo. Inahusu kauli ya kutendwa katika habari za Kiswahili za redio za Kivu. Msimamizi wangu alitaka niwe na matini ya kulinganisha, mahali pengine ambapo tukio zito linatangazwa kwa kiunzi kilekile kila siku. Yeye alifikiria matokeo ya mpira wa miguu. Mimi nilikwenda mbali zaidi.

Kwa wasioujua mchezo huo, niueleze kwa ufupi. Ulitengenezwa na kampuni ya Los Angeles iitwayo The Game Band, ukaanza tarehe 20 Julai 2020, wakati korona ilikuwa imewafungia watu wengi nyumbani. Ni besiboli isiyo na uwanja, isiyo na picha, isiyo na mtu anayekimbia. Kompyuta inapiga hesabu, kisha inaandika mstari kwa mstari: huyu amerusha, yule amekosa, mpira umedakwa. Mwanzoni timu zilikuwa 20, zenye majina kama Hades Tigers na Baltimore Crabs. Msimu mzima ulikuwa juma moja. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa palikuwa na mchezo karibu kila saa, mpaka kila timu ifikishe michezo 99. Jumamosi, ambayo wazee wa Lubumbashi huiita siku ya posho, ilikuwa siku ya kutafuta bingwa. Jumapili mashabiki walipiga kura. Katikati ya juma walikuwa wakibashiri matokeo kwa sarafu za kubuni, na kwa sarafu hizo walinunua kura, na kwa kura walibadilisha sheria za mchezo wenyewe. Mwenzangu wa chumbani aliposikia habari ya kununua kura alicheka sana, akasema mtunzi wa mchezo huu lazima aliwahi kuishi kwetu.

Jumapili ya kwanza kabisa mashabiki walipewa nafasi ya kuamua kama kitabu kilichokatazwa kifunguliwe. Wakakifungua, bila shaka, nani angekiacha? Tangazo lililofuata lilikuwa orodha kavu. Jua limepatwa. Macho ya waamuzi yamegeuka meupe. Jangwa la Moab limemezwa na kinywa cha jehanamu. Na katikati ya mambo hayo, mchezaji nyota Jaylen Hotdogfingers, mrushaji wa timu ya Seattle Garages, ameteketezwa.

Ameteketezwa na nani? Tangazo halikusema. Majuma yaliyofuata, kila mchezo ulipochezwa chini ya jua lililopatwa, sentensi ilipata mtenda: mwamuzi mwasi. Kwa mtu wa sarufi hiyo ni hatua kubwa, kauli imetoka kutendwa ikarudi kutenda. Lakini ukitazama vizuri, mtenda huyo hana jina, hana namba, hahamishwi wala haadhibiwi. Anajaza nafasi ya kiima tu. Anayekufa ana jina kamili, ana timu na ana kazi. Anayeua ana cheo tu.

Juma nililolichagua ni msimu wa saba, Septemba 2020. Sababu ni huyohuyo Jaylen. Mwishoni mwa msimu wa sita palikuwa na zawadi moja ya kugombewa katika kura: timu itakayoishinda itampata mchezaji aliye nafasi ya 14 katika orodha ya wanaopendwa zaidi na mashabiki. Watu wakagundua kwamba orodha ile haikuwazuia kumchagua maremu. Wakakubaliana, maelfu ya watu wasiojuana, kumsukuma Jaylen mpaka nafasi ya 14, si ya 13 wala ya 15, wakimpandisha huyu na kumshusha yule. Wakafaulu. Akarudi Seattle. Mrushaji aliyempisha, Mike Townsend, alipelekwa vivulini. Ndivyo mchezo unavyoyaita maisha ya mchezaji asiyepangwa. Ndiye yule ambaye mashabiki wa Seattle walikwisha kumtungia wimbo wa kumlalamikia kwamba anawavunja moyo. Walikuwa na bendi ya kweli, yenye albamu za kweli, kwa ajili ya timu isiyokuwapo.

Hapa ndipo kazi yangu ilipoanza kuwa ngumu, kwa sababu nilikuwa nikitafsiri mistari ile kabla ya kuichambua.

Chukua kifo chenyewe. Mstari wa ripoti ya moja kwa moja unataka -me-, kama mtangazaji wa mpira anavyosema amepiga, amekosa. Haiwezekani kutumia -ka-, kwani -ka- inamhitaji msimulizi anayeijua hadithi mpaka mwisho, na kompyuta haijui hata mpira ujao. Basi Jaylen ameteketezwa. Lakini -me- katika kitenzi kama kufa haisemi tu kwamba jambo limetokea, inasema hali ingali ipo: amekufa, yaani sasa hivi ni maiti. Sasa huyo amerudi uwanjani. Siwezi kuandika kwamba amekufa na anarusha. Nikiandika alikufa, msomaji atauliza alikufa lini na anazikwa wapi. Kiswahili sanifu kinanipa alikuwa amekufa, na wasomaji wa Injili wanaujua muundo huo kutoka hadithi ya mwana mpotevu, ambako kifo ni cha mfano na baba ana furaha. Hapa furaha haikudumu, kama nitakavyoeleza. Mwenzangu wa chumbani, ambaye ni mwanauchumi na hana subira na majedwali yangu, alitatua tatizo akiwa amelala kitandani: « Alikufaka. » Mkia ule wa -ka tunaoubandika mwishoni mwa kitenzi cha zamani, ambao kitabu cha sarufi sanifu hakiutambui, ulikaa mahali pake barabara. Alikufaka: lilimtokea, liko nyuma, na halituambii chochote kuhusu leo. Nimeuweka katika tafsiri. Najua mmoja wa walimu wetu ataupigia mstari mwekundu, na niko tayari kuutetea.

Upande mwingine Kiswahili kilinipa zawadi bila kuombwa. Waandishi wa Kiingereza walilazimika kuamua kama mchezaji ni mwanamume au mwanamke, au kukwepa kwa kiwakilishi cha wengi, kwa maana mchezo haukuchora sura ya mtu yeyote na kila shabiki alikuwa na Jaylen wake. Sisi tuna a- na m-. Alirusha, wakamsubiri, akarudi. Nilitafsiri juma zima bila kulijua swali hilo, nikalikuta baadaye katika mabishano ya watu wengine.

Jina nalo. Hotdogfingers ni vidole vya soseji, soseji ile inayotiwa ndani ya mkate. Majina ya wachezaji yalipatikana kwa kuunganisha maneno kwa bahati nasibu, na mengi ni ya kuchekesha mpaka siku mwenye jina anapoungua. Nilijaribu kuandika Jaylen Vidole-vya-Soseji. Nikasoma kwa sauti. Kicheko kilibaki, mtu akapotea. Nimeliacha kama lilivyo.

Kitenzi kilinichukua siku mbili. Njia fupi ilikuwa kuchomwa. Lakini katika miji yetu, ukisema mtu amechomwa, anayesikia anaona njia panda, mwizi wa simu, tairi na umati. Kuna mtenda katika neno hilo hata usipomtaja, na mtenda ni sisi. Kuungua ni ajali ya jikoni. Kuteketea ni kwa nyumba, shamba, soko: kitu kinachoisha chote kisibaki cha kuzika. Mashabiki wa Blaseball hawakuzika mtu. Nikachukua kuteketeza. Na neno mwamuzi, ambalo nililiona jepesi, liligeuka kuwa zito kuliko la Kiingereza. Mtaani tunasema arbitre, na arbitre ni mtu wa filimbi. Mwamuzi ni mtu wa filimbi pia, ila ana kitabu kizima katika Agano la Kale. Mwamuzi mwenye macho meupe anayeteketeza watu si mzaha tena kwa msomaji aliyelelewa kanisani. Sikutaka hilo, lakini sikulikataa.

Na deni. Jaylen aliporudi, karibu na jina lake palikuwa na alama mpya. Kiingereza kiliitaja kwa neno la kubuni, deni lililogeuzwa kuwa sifa ya mtu, na maelezo yake yalikuwa mafupi: mchezaji huyu lazima alilipe. Hakuna aliyejua kwa nani. Nilikuwa na njia mbili. Ana deni ni kama kusema ana homa, jambo lake mwenyewe. Anadaiwa ni kauli ya kutendwa, na papo hapo sikio linangoja neno na: anadaiwa na nani? Nilichagua anadaiwa, kwa sababu swali hilo ndilo lililowatesa mashabiki juma lile.

Jibu lilikuja kwa matendo. Jaylen alikuwa akirusha karibu kila mchezo wa tano, na alianza kuwagonga wapigaji kwa mpira. Katika besiboli hilo ni jambo dogo; mpigaji aliyegongwa anapewa kituo cha kwanza bure, anaendelea. Lakini hawa waliogongwa walipata alama yao pia, ya kutotulia, na aliyekuwa na alama hiyo, jua likipatwa, alikuwa rahisi zaidi kuteketezwa. Baadhi yao waliteketezwa kweli. Watu waliopanga kwa akili nyingi kumtoa mmoja jehanamu wakaanza kuhesabu waliokwenda badala yake, mchezo kwa mchezo, saa kwa saa, wakijua lini zamu yake itafika na hali ya hewa itakuwaje. Nilipokuwa nikisoma kumbukumbu zile, nilijikuta ninaangalia hali ya hewa kabla ya kuangalia nani anashinda. Sijui hata timu ya Seattle ilimaliza ya ngapi. Nimesoma mistari yote, na sikumbuki.

Sasa jedwali langu la Kivu. Lina safu nne: aliyetenda, alichotenda, aliyetendwa, kilichofuata. Safu ya kwanza, mara nyingi, ina watu wenye silaha wasiojulikana, na huyo ni ndugu wa mwamuzi mwasi, mtenda aliyetajwa bila kuitwa. Au ni tupu kabisa, kwa sababu sentensi iko katika kutendwa: wameuawa, zimechomwa, wametekwa. Nilitarajia hivyo, ndiyo hoja ya memwari yangu, na nina heshima kwa watangazaji hao. Wanajua kwamba kumtaja mtenda kwa jina katika kijiji chenye redio tatu ni jambo la kufa na kupona. Kutendwa si uvivu wao, ni kinga yao. Nimewasikia wakivuta pumzi kabla ya kitenzi.

Sikutarajia safu ya tatu. Katika Blaseball safu hiyo imejaa majina kamili, hata ya watu walioteketezwa katika mchezo wao wa kwanza, waliokuwa na maisha ya mistari sita. Katika habari zetu ina namba. Watu kumi na wawili. Raia watano, miongoni mwao mama na watoto. Nilimwonyesha msimamizi wangu majedwali mawili yakiwa bega kwa bega. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa haki kwamba redio haiwezi kusoma majina kabla familia haijaarifiwa, na dakika tano za habari hazitoshi. Ni kweli. Akasema pia kwamba ni rahisi kumpa jina mtu asiyekufa kweli. Nalo ni kweli, na nimeliandika katika sura ya tatu kwa maneno yake, kwa ruhusa yake.

Lakini kiunzi kile cha Blaseball hakikuwagharimu watunzi chochote. Ni nafasi moja tupu katika sentensi, na kompyuta iliagizwa iijaze kwa jina kila mara. Tarehe 2 Juni 2023 kampuni ilitangaza kwamba mchezo umekwisha. Mashabiki walikuwa wamejiundia chama cha utafiti, kwa kuigiza kile cha wanahistoria wa besiboli ya kweli, na walikuwa wamehifadhi mistari ya michezo. Ndiyo maana mimi niliweza kulisoma juma hilo. Mwenzangu wa chumbani aliuliza wanalipwa na nani. Hawalipwi.

Safu ya nne imebaki kunisumbua. Kwenye jedwali la Seattle iliandikwa kila mara: nafasi yake imechukuliwa na fulani. Kwenye la Kivu nimeandika mpaka sasa maneno mawili, uchunguzi unaendelea, kwa kuwa ndivyo habari nyingi zinavyoishia. Msimamizi ananishauri niifute, kwani safu yenye jibu moja tu haina thamani katika uchambuzi. Utetezi ni mwezi ujao. Bado sijaifuta.