Tulichokula Chengdu

Mama mwenye mwana ughaibuni huwa na swali moja kila simu inapopigwa: umekula nini? Kijana wetu alipopata nafasi ya kusomea uhandisi mjini Chengdu, katika jimbo la Sichuan huko China, alilijibu swali hilo kwa miaka miwili kwa maneno yale yale: "Nimekula, Mama." Mama watoto hakuridhika. Sisi tulimwambia kuwa kijana ni mtu mzima, tena tumemfunza wenyewe. Yeye akajibu kwamba kukonda hakuonekani kwenye simu. Basi tulipojaaliwa nauli tulifunga safari, tukaone kwa macho yetu.

Chengdu ni mji mkubwa ulio mbali na bahari, na mawingu hukaa juu yake siku baada ya siku kama kifuniko juu ya chungu. Ukipita vichochoroni hukutana na harufu ya pilipili kavu zinazokaangwa katika mafuta, hata ukapiga chafya. Hatukutishika. Twatoka Pwani, kwenye achari ya ndimu na pilipili ya ukwaju, na tulijiona kuwa tumehitimu katika somo hilo.

Taabu yetu ilikuwa nyingine. Katika mikahawa ya kawaida ya Sichuan, mafuta ya nguruwe hutumika hata kukaangia mboga, na mvinyo wa nafaka hutiwa katika nyama ili kuondoa shombo. Mgeni hawezi kuyaona hayo kwa kutazama sahani. Kwa siku tatu tulikula mayai ya kuchemsha, matunda na tende tulizotoka nazo Mombasa.

Siku ya Ijumaa kijana alitupeleka katika Msikiti wa Huangcheng, karibu na uwanja wa Tianfu katikati ya mji. Baada ya sala tukaingia mkahawa wa jirani, wenye maneno mawili ya Kichina juu ya mlango, *qing* na *zhen*, yaani safi na kweli. Hiyo ndiyo alama ya chakula cha halali nchini humo. Mwenyewe alikuwa bibi wa makamo, miongoni mwa Wahui, Waislamu wa China. Alitutolea salamu kwa matamshi yake, nasi tukaitikia kwa yetu. Jina la Kenya halikumwambia kitu, mpaka kijana alipomtajia Zheng He, yule amiri wa merikebu aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu huko Yunnan, jimbo jirani, ambaye baba yake na babu yake walikuwa mahaji, na ambaye safari zake katika karne ya 15 zilifika Malindi. Hapo bibi akamshika mama watoto mkono, akamketisha meza iliyo karibu na jiko.

Kijana aliagiza tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, pamoja na nyama ya ng'ombe ya kusaga. Wenyewe hukiita *mapo doufu*, kwa jina la bibi mwenye makovu ya ndui ambaye, kwa masimulizi yao, alikipika mjini humo katika karne ya 19. Kisha akaagiza chakula ambacho jina lake, alitufasiria, ni nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa maji. Mama watoto alifurahi, akidhani ni supu ya mgonjwa. Likaja bakuli kubwa ambalo maji hayakuonekana, ila mafuta mekundu na pilipili kavu zilizotanda juu yake, bado yakitokota.

Ukali wa kwanza tuliujua. Pilipili hii ni ile ile iliyotoka Amerika, ikavuka bahari ikatufikia sisi na ikawafikia wao. Lakini baada ya tonge la pili midomo ilianza kutetema, kisha ulimi ukafa ganzi. Mama watoto aliweka kijiko chini akauliza kama tumetiliwa dawa. Maji tuliyokunywa yakawa na ladha ya chumvi na ndimu. Kumbe ni *huajiao*, ambayo si pilipili wala pilipili manga, bali ni maganda ya tunda dogo la mti ulio katika ukoo wa michungwa na mindimu, nao wameutumia tangu zamani, kabla pilipili haijawafikia. Wana maneno mawili kwa jambo hili: *ma*, ganzi, na *la*, ukali. Bibi alikuja akicheka, akatuonyesha kuwa huokotwa nyama tu kwa vijiti, na mchuzi huachwa bakulini. Sisi tulikuwa tukiunywa. Akaleta wali mweupe zaidi.

Sote tulikuwa tukitokwa na machozi, na labda ndiyo sababu kijana aliona hapo ndipo mahali pa kusema. Alisema kwamba alipofika, kabla hajaujua msikiti, alikula tambi katika duka moja kwa majuma kadhaa, akidhani ni za mchuzi wa ng'ombe. Mwenzake wa darasani ndiye aliyemwambia kuwa mafuta yake ni ya nguruwe. Tangu siku hiyo hakutaka kuulizwa amekula nini.

Mas'ala hayo tunayasomesha kila mwaka: aliyekula bila kujua hana dhambi, na akijua huacha. Tulikuwa nayo ulimini, na ulimi ulikuwa umekufa. Mama watoto ndiye aliyetangulia.

"Ulikuwa na njaa, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama."

Akamwekea kipande cha nyama juu ya wali wake, akaongeza na kingine. Hukumu tulimwambia baadaye, njiani, naye akasema, "Nilikuwa naijua, Baba. Ulinifunza." Hatukumuuliza kwa nini, ikiwa aliijua, alinyamaza miaka miwili. Tuliyakumbuka maneno ambayo pengine tungemwambia siku ile kwenye simu, na sauti ambayo tungeyasema nayo.

Tulikula mkahawani mle mara nne zaidi. Mama watoto aliandika bei zote katika daftari, akapiga hesabu ya mwezi, akapatana na bibi kwa ishara na vidole. Alinunua pia pakiti ya *huajiao*, ambayo imo kabatini Mombasa mpaka leo. Aliijaribu mara moja katika mchuzi wa pweza, na wajukuu wakakataa kula.

Swali la simu halijabadilika. Majibu yamerefuka. Juma lililopita alikula wali na tofu, bila nyama, kwa kuwa fedha zilikuwa zimepungua, na akasema hivyo.