Mpira Mpya au Mpira Uliochakaa

Kwa wiki mbili nyumba yetu ya Ndia Kuu haikuwa na mazungumzo mengine: je, mwanetu wa miaka 16 awe wa kwanza kurusha mpira siku ya mchezo wa kriketi, au angoje aingie baada ya wenzake?

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, anayeanza hupewa mpira mpya, mgumu, unaodunda kwa kasi. Heshima ni yake, na mzigo pia. Anayefuata huukuta umechakaa, na wapigaji wameshauzoea uwanja.

Kocha alitaka aanze. Babake alifurahi, na barazani pongezi zikatangulia siku yenyewe. Lakini sisi, mamake, nyanya yake na shangazi yake, tulikuwa tumemwona akiinama kwa taabu katika rukuu.

Tukampeleka kwa daktari. Akatueleza kwamba mrushaji wa kasi, kila atuapo kwa mguu wa mbele, huupa mwili mzigo uliozidi uzito wake mara kadhaa, na mifupa ya kiunoni ya kijana anayekua huweza kuingia ufa. Kwake hakuona ufa, ila alionya.

Shangazi, anayekumbuka michezo kuliko wanaume wengi wa mtaani, akamtaja Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa. Tarehe 15 Machi 2003, huko Durban katika Kombe la Dunia, hakuanza yeye. Aliingia Australia ikielekea kushinda kwa raha, naye ana miaka 39. Alirusha ova 8 na mipira 2, akatoa mbio 7 tu, akawaondoa wapigaji 3. Australia ilishinda, lakini mchezaji bora wa siku ile alikuwa yeye.

"Karim alirusha taratibu, kwa kuuzungusha mpira," babake akajibu. "Huyu ni wa kasi." Hapo, kwa kweli, alisema haki.

Mwishowe tulikubaliana: aingie wa tatu, asizidishe ova 4, hadi mwezi mwingine uandame na daktari amtazame tena.

Kijana hakubisha. Alisema tu, "Mama, watasema nimeogopa."

Jumamosi alitoka na mfuko begani, akashika kichochoro cha nyuma ili asionane na watu wa barazani. Nyanya yake akamwita kutoka dirishani, arudi apite Ndia Kuu.