Mama, Sukari na Mwezi wa Ramadhani



Ndugu wasomaji, Ramadhani ikikaribia watu huulizana bei ya unga, tende na mafuta. Nyumbani kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, swali la kwanza ni jingine: sukari ya Mama itakuwaje? Nimeona niandike yaliyotukuta, maana najua ziko nyumba nyingi zenye mgonjwa kama yeye.

Mama alipimwa na kukutwa na kisukari cha aina ya pili mwaka 2014. Sisi watoto tukajigeuza askari wake. Tulinunua mashine ya kupimia, tukaficha kopo la sukari, tukawa tunamtazama anavyopakua wali. Daktari alitueleza kwamba kabla ya kula kipimo chake kiwe kati ya 80 na 130, na saa mbili baada ya chakula kisifike 180. Masikio yetu yaliishika ile 180 peke yake, ile 80 ikapita kama upepo. Kwetu sukari ilikuwa ni kitu cha kupanda tu. Hatukujua kwamba ikipanda mara nyingi humla mtu polepole kwa miaka, macho, figo na miguu, lakini ikishuka sana inaweza kumwangusha jioni moja.

Basi ikaja Ramadhani ya mwaka 2019, mwezi wa Mei. Usiku mmoja baada ya futari mashine ilionyesha 260. Haikuwa ajabu: uji wa sukari, sambusa, vitumbua na tende saba, vyote ndani ya saa moja. Mimi ndiye niliyepiga kelele. "Mama, unajiua mwenyewe!" Nilisema mbele ya wajukuu. Hakunijibu. Usiku ule hakula tena. Wakati wa daku alikunywa chai ya rangi isiyo na sukari na kipande kidogo cha muhogo, akameza kidonge chake cha glibenclamide, akaongeza na nusu nyingine bila kumwambia mtu. Alitaka kesho mashine iseme namba nzuri ili mimi ninyamaze.

Kidonge hicho hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala, na nguvu yake hukaa mwilini siku nzima. Si kama metformin, ambayo ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Hayo nimeyajua baadaye.

Siku iliyofuata, kama saa kumi na moja na nusu ya jioni, nilimkuta jikoni amekaa chini. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anakatakata lengalenga ambazo alikuwa amekwisha kuzikata. Nikamwita, akaniitikia kwa jina la mjomba wangu, na mjomba ameshafariki. Nilijua kuna jambo. Lakini nilikuwa nimesikia mtaani kwamba kujichoma kidole ukatoka damu kunabatilisha saumu. Nikatazama saa: kabla ya Magharibi zimebaki dakika kama 25. Nikajiambia, avumilie kidogo tu.

Ndugu zangu, naona haya kuandika hivi. Nilisimama pale nahesabu dakika wakati mama yangu anazima mbele ya macho yangu.

Mdogo wangu wa kike, wakati ule yuko sekondari, ndiye aliyekimbilia mashine. Ikasoma 48. Akakoroga vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye nusu gilasi ya maji. Mama akafumba mdomo, akageuza uso. "Bado adhana." Mdogo wangu akapiga magoti mbele yake: "Mama, Mwenyezi Mungu mwenyewe amekupa ruhusa. Kunywa, nakuomba." Akanywa huku analia. Baada ya dakika 15 tukapima tena: 66. Gilasi ya pili. Adhana ilipolia alikuwa bado anajifuta machozi, na mashine ikasoma 91. (Alikuwa bado anaweza kumeza. Mtu akishazimia usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbize hospitali.)

Neno lake la kwanza baada ya kupata nguvu lilikuwa: "Mmenilisha mchana."

Usiku ule baada ya tarawehe sheikh wetu alipita kumjulia hali. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamkumbusha kwamba aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimemtaja mgonjwa waziwazi, akamuuliza: "Mama, ukisafiri ukapunguza swala, huwa unalia?" Mama akasema hapana. "Basi, hii nayo unaililia nini?" Kuhusu kidole, alituambia kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, lilihesabu kutoa damu ya uchunguzi katika mambo yasiyobatilisha saumu. Laiti ningeliuliza mapema.

Daktari naye alitulaumu kwa kuja baada ya ajali. Alisema tungekwenda mwezi mmoja au miwili kabla. Wapo wagonjwa wanaofunga salama: anawapangia dawa upya, na ikihitajika anawabadilishia. Waliowahi kushukiwa sana na sukari, wenye figo dhaifu, wajawazito wenye kisukari na wengi wa wanaochoma insulini hao hatari yao ni kubwa. Na yeyote anayefunga, kipimo kikiwa chini ya 70 au juu ya 300, afungue palepale, hata adhana iwe inakaribia. Mama vipimo vilionyesha figo zimeanza kuchoka. Akamwambia asifunge tena.

Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Ramadhani ya 2020 alikuwa anakula chumbani, mlango umefungwa, kama mtu anayeiba. Kwa kila siku hulisha maskini mmoja, na hataki kutoa pesa tu. Anapika mwenyewe, maharage, ndagala na bugali, anampelekea mzee mmoja asiye na mtu. Chakula hichohicho ndicho anachokula yeye, bugali kidogo na mboga nyingi. Tende sasa ni moja. Vipande vya kupimia ni ghali kwetu, kwa hiyo tunapokezanisha: leo asubuhi kabla ya kula, kesho saa mbili baada ya chakula. Asubuhi nyingi anakuwa kati ya 100 na 130. Siku nyingine inafika 210, na mimi najitahidi kuuliza alikula nini, amelalaje, dawa amemeza saa ngapi, bila kupandisha sauti. Sifaulu kila siku.

Mlango wa chumbani alikuja kuufungua mwenyewe. Jirani yetu mmoja ana kisukari naye, na daktari wake amemruhusu kufunga kwa sharti la kujipima. Mashine hana. Kila jioni ya Ramadhani huja kwetu kabla ya adhana, Mama humkalisha mkekani, huchukua sindano mpya, humchoma kidole, kisha wote wawili hungojea namba.