Nshomile wadogo wa Sinza watua Bukoba

Kama una jirani Mhaya, neno "nshomile" umeshalisikia mpaka umelizoea. Maana yake ni "nimesoma", na ndiyo utani wa nchi nzima kwa watu wa Kagera: eti Mhaya hata akija kukuomba chumvi, ataanza kwanza kukuhesabia madarasa yake. Sasa wiki hii, msomaji wangu, nakuletea nshomile wawili wadogo, mmoja ana miaka tisa, mwingine kumi na mmoja. Ni wapwa zangu, watoto wa dada, wazaliwa wa Sinza, ambao kwao Bukoba lilikuwa jina la aina ya ndizi na basta. Dada alinikabidhi kwa likizo nzima. Akanipa na sharti: wasirudi Dar wakiwa wameona ziwa na kula senene tu.

Kilichomuuma dada ni daftari la huyu mkubwa. Lilikuwa limejaa miaka na majina, kama orodha ya wadaiwa dukani. "Emin Pasha alianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890." Nikamwuliza, haya, huyo Emin Pasha alikuwa nani? Akanijibu bila kupepesa macho: "Ni jibu la swali la tano, anko."

Jamani, utamlaumu nani hapo? Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili, na mimi hilo nalipigia makofi. Lakini kitabu cha kiada kina haraka zake. Lazima kipite kila mkoa na kila karne kabla ya mtihani. Mtoto anahitaji kitabu kingine pembeni, kisicho na mtihani, kinachokaa sehemu moja na kuichimba mpaka vumbi limrukie usoni. Basi nikanunua kaunta buku mbili na penseli dazeni, nikawaambia: kitabu hicho tunakwenda kukiandika wenyewe.

Tulipanda basi Mwanza asubuhi. Siku hizi mambo ya kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo yamekwisha, daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu hivi juu ya maji. Huyu mdogo alilipa daraja ukurasa mzima. Nilimwacha, maana na hilo nalo ni historia, isipokuwa saruji yake bado mpya. Ukishaipita Biharamulo unaanza kuingia Muleba, hewa inapoa na migomba inaanza. Migomba, halafu mibuni chini ya migomba, halafu migomba tena.

Kamachumu tulipita haraka, ila nao wakaandika kwamba kardinali wa kwanza Mwafrika katika zama hizi, Laurean Rugambwa, alizaliwa pande hizo mwaka 1912, na Papa Yohane wa 23 akamvika ukardinali mwaka 1960. Swali lao lilikuwa moja tu, na lilikuwa zuri: alipokuwa na miaka kumi alikuwa anachezea nini? Kitabu chochote cha mtu mkubwa kisichojibu swali hilo, mtoto atakiweka chini ukurasa wa tatu.

Kilichotuweka Muleba siku mbili ni kisiwa cha Bumbire. Tulikaa kwenye mwalo mmoja, dagaa wameanikwa mchangani, harufu usiombe, nikawasimulia. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alikuwa analizunguka ziwa hili kwa mashua yake, Lady Alice. Mwezi Aprili akatia nanga Bumbire, watu wake wana njaa, wanatafuta chakula. Wenyeji wakaikokota mashua nchi kavu wakachukua makasia. Stanley akaponyoka huku akipiga risasi, na wapiga kasia wake wakang'oa mbao za sakafu ya mashua wakazifanya makasia. Hapo watoto walikuwa wametoa macho. Ni sinema tupu.

Lakini sinema haikuishia hapo. Agosti mwaka huohuo Stanley alirudi na kundi la mitumbwi mikubwa na watu wenye bunduki, akaupanga msafara wake majini, mbali kidogo na ufuko, mahali ambapo mishale haifiki. Wa nchi kavu walikuwa na mikuki na pinde. Waliouawa, kwa hesabu yake mwenyewe, walizidi 30. Aliyaandika hayo na kuyapeleka kwenye magazeti ya London na New York, na huko Uingereza kwenyewe wako waliokasirika wakauliza msafiri gani huyu anayerudi kulipiza kisasi.

Kimya. Kisha huyu mkubwa akauliza: "Na watu wa Bumbire waliandika wapi?"

Swali hilo, msomaji, ndilo lililonifanya nione nauli yangu imerudi. Tukapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja: "Alichosema Stanley". Upande wa pili: "Tunachotaka kuuliza". Upande wa pili ukajaa kwanza. Kwa nini waliikokota mashua? Walimwogopa? Walishaibiwa na wageni wengine kabla yake? Nani alihesabu maiti kutoka majini? Wako watu wazima wanaosema mtoto apewe historia iliyochujwa, yenye mashujaa na nyimbo tu. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa miaka kumi anajua vizuri sana uonevu ni nini, anauona kila siku uwanjani wakati wa mapumziko. Anachotaka ni usimfiche nani kasema.

Bukoba mjini tulifikia kwa bibi yao, na kama kawaida mvua ikatupokea. Mji huu ni bomba kwa kutembea kwa miguu: Mto Kanoni unaukatiza, kisiwa cha Musira kimekaa mbele yako ziwani kama kofia, na jioni vijana wote wako ufukweni. Nikawaambia hapohapo ufukweni kwamba Juni 22 na 23 mwaka 1915 Waingereza waliuvamia mji huu kwa meli kutoka Kisumu ili wauangushe mtambo wa redio wa Wajerumani. Wakauangusha. Mmoja wa wavamizi alikuwa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, mzee wa miaka 63 kipindi hicho, ambaye jina lake tulilibeba miaka mingi kwenye pori la akiba mpaka sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Huyu mdogo alichora meli tatu na moshi mwingi. Poa.

Lakini kiboko ya yote ni Katuruka, kule Maruku, kusini mwa mji. Pale palikuwa na mti wa kale uitwao Kaiija, na wazee walikuwa wakisimulia kwamba chini yake palifuliwa chuma, na kwamba mfalme Rugomora Mahe alikuwa na makao yake hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaja mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt. Akafanya jambo ambalo wasomi wengi wa wakati ule hawakulifanya: akakaa akawasikiliza wazee, halafu akachimba walipomwonyesha. Akakuta masalia ya ufuaji chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1976 mafundi wazee wa Kihaya wakajenga tena tanuri kama walilolijua ujanani, kwa udongo wa kichuguu, majani ya bwawani yaliyochomwa ndani ya shimo, makaa, na mivukuto minane ikipuliza. Schmidt na mwenzake Donald Avery walipima joto lake, na mwaka 1978 wakaandika kwenye jarida la Science kwamba lilipita nyuzi 1,800. Dunia ikashtuka: mafundi hawa walikuwa wanatoa chuma cha pua kwa mbinu ambayo Ulaya ilidhani ni ya karne ya 19.

Watoto hawakujali Ulaya ilidhani nini. Wao walitaka kujua mivukuto minane ilipulizwa na watu wangapi, na kama walikuwa wanapokezana, na walikuwa wanaimba nini. Hapo ndipo nilipouona wazi muundo wa kitabu ninachokitaka: mvulana anayeshika mvukuto usiku, mikono imekufa ganzi, na kila kitu kingine, udongo, joto, mfalme, kinaingia kupitia kwake, bila uongo hata mmoja.

Na kina haraka, hicho kitabu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ukawafagia watu wa umri wa kati, wale ambao ndio walipaswa kupokea masimulizi kwa wazee na kuwapa watoto. Watoto wakalelewa na mabibi waliochoka. Katuruka wenyewe waliliona pengo hilo, na miaka ya 2000 wanakijiji wakaanza kukusanya upya masimulizi ya Kaiija na Rugomora Mahe kabla hayajaondoka na wachache waliobaki.

Vitabu vipo, sisemi havipo. F. X. Lwamgira aliandika Amakuru ga Kiziba, historia ya wafalme wa Kiziba kwa Kihaya, toleo la mwaka 1949, lakini mpe mtoto wa Sinza uone kama atavuka mstari wa kwanza. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 umetoa hadithi nyingi za Kiswahili. Na yuko Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, aliyewaandikia vijana Ngome ya Mianzi, Ngoma ya Mianzi na Moto wa Mianzi. Hizo ni riwaya, lakini zimewatia vijana wengi hamu ya kumjua Mkwawa kuliko daftari lolote. Ila zote zinahusu Uhehe! Nshomile kaenda kuwaandikia watu wa Iringa, kwao kaacha. (Profesa, huu ni utani wa watani, usinikasirikie.)

Usiku wa mwisho bibi aliomba asomewe kaunta buku. Akasikiliza yote kwa heshima, Stanley, tanuri, Selous, akitikisa kichwa. Walipofunga akasema, "Sasa waitu, mbona vita ya Amini hamna?" Akaanza mwenyewe, tangu Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka na daraja la Kyaka likalipuliwa, watu wamebeba magodoro kichwani, nani alipita hapa kaomba maji, nani hakurudi. Alisimulia mpaka saa sita. Huyu mkubwa aliandika mpaka kurasa zikaisha, akahamia ndani ya jalada, halafu akanigeukia na mkono ameunyoosha, "Anko, leta risiti ya basi, nyuma yake kuna nafasi."